Ulodi wa Kinlorran, Sehemu ya Tisa: Kitanda cha Bi Geddes

“Hapana.”

Ndiyo hiyo, wasomaji wangu. Neno mlilolingoja wiki nzima, wengine mkiniandikia matusi kwa kuwakatia uhondo, ni hilo moja tu. Effie Gollan, mpishi wa nyumba kubwa ya Kinlorran, alilisema akiwa ameinua mkono wa kulia, kama mashahidi wa Scotland wanavyoapa, na hakupepesa jicho.

Wakili Pringle mwenyewe alishtuka. Alikuwa amemuuliza mbele ya ukumbi mzima wa kanisa, uliogeuzwa mahakama, “Mama, wewe ulikuwa mke wa marehemu Lodi Hector, ndiyo au hapana?” Alitegemea uongo, na uongo huo alikuwa ameuandalia rundo la maswali makali. Sasa maswali yote yamemwozea mkononi.

“Hapana,” Effie alirudia kwa sauti, maana Jaji Moncur ana sikio moja zito. “Hakunioa. Alinitaka, nikakataa. Kila Mwaka Mpya akishalewa alinipigia goti jikoni, na kila mwaka nilimwambia ainuke, nimetoka kupiga deki.”

Ukumbi ukalipuka. Wanawake wa kwaya walishika vifua. Wanaume waligeukiana kwa hasira, si kwa sababu Effie alitenda dhambi, hilo walilizoea, bali kwa sababu alikataa kuidanganyia kesi yao. Bonde zima lilikuwa limeshakubaliana kuapa uongo kwa ajili yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuleta ukweli.

Kwa wewe uliyeingia leo na kutukuta katikati ya karamu, kaa nikuwekee sahani.

Lodi Hector Stroyan wa Kinlorran amekufa bila mke anayejulikana. Ameacha mtoto mmoja, Grizel, aliyemzaa na mpishi wake. Bonde zima linajua hivyo, kwa kuwa binti ana pua ya baba yake, na pua ile haifichiki. Kama Effie alikuwa mke, Grizel ndiye Bibi wa Kinlorran, na nyumba ni yake. Kama hakuwa mke, Grizel ni mwana haramu, ulodi, yaani cheo na nyumba, unakwenda kwa Kapteni Ranulf Stroyan, mtoto wa binamu wa marehemu, na mama na binti watatoka na masanduku yao mwisho wa Mei, siku ambayo nchi hii yote huhama.

Wala msiniulize mwanamke anakuwaje lodi. Stroyan wa kwanza aliiba ng’ombe wa mfalme, kisha akamrudishia nusu, na mfalme, aliyekuwa na njaa, akampa ulodi kwa uaminifu wake. Kwa kuwa mzee huyo alizaa mabinti watupu, aliomba hati iseme ulodi uende kwa warithi wa damu yake, wa kiume ama wa kike. Lodi wa tatu alimrithi kaka yake baada ya kumsukuma kisimani. Wa tano alirithi kwa sababu mashahidi wote wa upande wa pili walizama mtoni siku moja, msiba mkubwa sana. Wa nane alikuwa mwanamke, na hadi leo ndiye pekee aliyekufa kwa uzee.

Huo ndio ukoo ambao Wakili Pringle, kwa niaba ya Kapteni, alisimama tangu Jumatatu kuutetea usichafuliwe na mpishi.

Kapteni Ranulf alikuwa ameketi mstari wa mbele amevaa sketi mpya wanayovaa wanaume wa huku, yenye mirabaraba ya ukoo wake. Ndivyo alivyodhani. Mwenye duka huko Edinburgh alimuuzia mirabaraba ya ukoo wa ng’ambo ya mto, wale wale waliotuchomea maghala, na hakuna mtu bondeni aliyempenda kiasi cha kumwambia.

“Mheshimiwa,” alisema Pringle, akikusanya karatasi zake, “nadhani tumemaliza.”

“Tutapumzika kwanza,” alisema Jaji Moncur. “Nasikia harufu ya supu.”

*

Chumba cha nyuma cha kanisa hutunziwa vitabu vya nyimbo na viti vilivyovunjika. Humo ndimo Grizel alimvuta mama yake na kufunga mlango kwa kisigino.

“Mama, umenimaliza!”

“Nimesema kweli.”

“Nani alikuomba kweli? Bonde zima liko tayari kusema mlikuwa mke na mume! Mpaka mhunzi, ambaye hajawahi kumsema mtu vizuri!”

“Mhunzi aape kwa mkono wake. Wangu ulikuwa juu, Grizel. Ungetaka nimwongopee Mungu kwa mkono huu ninaokandia unga?”

“Miaka yote baba anakupigia goti, wewe unakataa! Kwa nini lakini?”

“Kwa sababu nilikuwa na jiko langu!” Effie alifoka. “Mke wa lodi hagusi sufuria. Anakaa sebuleni na wake za malodi wenzake wanazungumzia mbwa. Nikiwa mpishi, hakuna wa kuniamrisha, hata yeye. Akinuna, namchelewesha chakula. Mke ana silaha gani kama hiyo?”

“Na mimi? Siku moja tu, mama, ulinifikiria mimi?”

Swali lile lilimwingia Effie mahali ambapo maswali yote ya Pringle hayakufika. Alimpenda mtoto wake kuliko jiko, lakini hakuwa amewahi kutakiwa achague, na sasa siku ya kuchagua ilikuwa imeshampita.

Grizel hakungoja jibu. Alitoka, machozi yanamtoka.

Aliyebaki chumbani ni Torquil Rae, wakili wa Grizel, tena mchumba wake, maana wasichana wa bonde letu wakipata wakili wa bure hawamwachii mwingine. Harusi imepangwa Juni. Alikuwa amekaa juu ya vitabu vya nyimbo, kichwa mikononi.

“Mama Effie,” alisema taratibu. “Hata mara moja hukuwahi kutamka kwamba ni mumeo? Hata kwa mzaha?”

“Mimi sina mizaha. Mara moja tu nilitamka, kwa ajili ya kitanda.”

“Kitanda gani?”

Effie akamweleza. Torquil alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaruka juu, vitabu vya nyimbo vikatawanyika sakafuni, akambusu mpishi kwenye paji la uso.

“Toka hapa! Una wazimu?”

Habari za kitanda zishikeni kidogo. Mtazisikia kwa mwenye kitanda mwenyewe, mkono wake ukiwa juu.

*

Nje, kwenye ukuta wa kanisa, Kapteni Ranulf alikuwa anavuta kiko. Wakili Pringle alisimama karibu naye. Hatua chache kutoka hapo, kwenye benchi, Bi Geddes alikuwa anakula mkate na jibini.

Bi Geddes ni mjane mwenye nyumba ya wageni kule juu mlimani, mwanamke mkavu wa umri uliokwisha kusahauliwa, na wa kwanza kanisani kila Jumapili ili aone nani amechelewa. Kapteni amepanga kwake. Baada ya supu ndiye angekuwa shahidi wa Kapteni, aje aeleze jinsi bonde lilivyomchukulia Effie. Kwa kazi hiyo hakuna aliyefaa zaidi, kwani nusu ya maneno mabaya juu ya Effie aliyatunga yeye.

“Usilie, binamu,” alisema Kapteni, Grizel alipotokea akijifuta machozi.

“Mimi si binamu yako.”

“Hilo tunangoja Jaji amalize supu. Pringle, kesi si nimeshinda?”

“Kabisa, Kapteni.”

“Umesikia. Lakini sikiliza, Grizel. Jana nimewaamkia watu watatu njiani, aliyeniitikia ni mbwa. Hapa hawatanipenda. Wewe wanakupenda. Kuwa mke wangu. Hutatoka nyumbani kwenu, na mama yako atabaki na jiko lake mpaka afe.”

“Nina mchumba.”

“Huyo anayepanga chumba juu ya duka la samaki? Mama yako atapika wapi humo, dirishani?”

Grizel alitazama ng’ambo ya bonde. Nyumba kubwa ilionekana yote, na moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye bomba la jikoni, kwa sababu Effie hakuwahi kuacha moto wake uzimike, hata siku ya kesi. Akilini Grizel alimwona mama yake barabarani mwisho wa Mei, sanduku mkononi, anagonga milango ya watu kuomba kazi. Hasira yote ikamwisha, ikabaki huruma, na huruma ndiyo iliyomponza.

“Jiko ni lake?”

“Naapa.”

“Hutaligeuza chumba cha biliadi kama ulivyosema?”

“Biliadi nitaiweka maktaba. Hakuna anayeingia humo.”

“Basi nitaolewa nawe,” alisema Grizel, kama mtu anayekubali kung’olewa jino.

“Aa, hapana. Ahadi za ‘nitaolewa’ mimi siziamini. Sema kama jambo lililokwisha. Mimi naanza.” Kapteni alitoa kiko mdomoni. “Huyu ni mke wangu.”

“Na huyu ni mume wangu! Umeridhika?”

“Sana,” alisema Kapteni.

Kwenye benchi, Bi Geddes aliacha kutafuna.

Kengele ikalia. Mlangoni Grizel aligongana na Torquil, nywele zimemsimama, uso unawaka.

“Tumeshinda!” alimnong’oneza. “Nina kitu, Grizel! Tumeshinda!”

“Torquil, ngoja, nina jambo la kukwambia, nimefanya jambo—”

“Baadaye, mpenzi. Baadaye!”

*

Bi Geddes aliinua mkono na kuapa kwa sauti ya kumfundisha Jaji namna ya kuapa.

“Bi Geddes,” Pringle alianza, “miaka yote hii, bonde lilimchukuliaje huyu mpishi?”

“Mwenye dhambi. Kanisani akikaa karibu yangu nahama benchi. Nikihama, naye anahama ananifuata, makusudi.”

Watu walicheka. Effie aliitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli.

“Hakuna aliyemwona kama mke wa Lodi?”

“Labda vipofu.”

Pringle akaketi, ameridhika. Torquil akainuka, akaweka sawa joho lake jeusi.

“Bi Geddes, pole na kushuka mlima.”

“Sijafikia umri wa kupewa pole. Uliza.”

“Nyumba yako ya wageni inasifiwa kila mahali.”

“Ni safi.”

“Nasikia ni safi kwa kila namna. Nasikia hakuna mwanamume na mwanamke waliowahi kulala humo chumba kimoja bila kuwa mke na mume.”

“Hawajawahi!” Bi Geddes alinyoosha mgongo. “Marehemu mume wangu mwenyewe, kabla hatujafunga ndoa, alikuja kunitembelea baridi imeshika, nikamlaza zizini na kondoo. Akapoteza vidole viwili vya mguu, na hakunilaumu.”

“Hukuwahi kulegeza, hata siku moja?”

“Hata siku moja.”

“Hata mwaka wa theluji kubwa? Barabara ilipofunga, akaja Lodi Hector na mpishi wake na mtoto wao mchanga anakohoa, na chumba chenye moto kilikuwa kimoja?”

Bi Geddes alimtupia jicho Kapteni.

Mstari wa mbele, Kapteni Ranulf alitikisa kichwa polepole, akimwangalia usoni. Grizel alimgeukia mama yake. Hadithi hiyo hakuwahi kuisikia.

“Walilala chumba kimoja, Bi Geddes?”

“Chumba kilikuwa kimoja.”

“Na kitanda?”

“Nacho kimoja.”

Ukumbi wote ulisogea mbele kwenye viti.

“Basi ama walikuwa mke na mume,” alisema Torquil kwa upole, “ama nyumba yako ilihifadhi zinaa. Mimi sijui, mama. Nichagulie wewe.”

Nimeona watu wakibanwa maishani mwangu, lakini sijaona kubanwa kama kule. Akisema hawakuwa mke na mume, amechafua paa lake, kitanda chake, na vidole viwili vya marehemu. Akisema walikuwa, atakuwa amemvika Effie Gollan taji kwa mkono wake mwenyewe, na Jumapili ijayo itabidi amwinamie kichwa. Alimchukia Effie kwa moyo wake wote. Ila nyumba yake aliipenda zaidi.

“Niliwauliza!” alipasuka. “Mnadhani sikuwauliza? Nilisimama mlangoni na taa. Nikamuuliza bwana, huyu ni mkeo? Akasema, huyu ni mke wangu. Nikamgeukia huyo hapo, nikamuuliza, na huyu ni mumeo? Akasema, ni mume wangu, tupishe tupite, mtoto anaganda. Ndipo nikawapa ufunguo! Hakuna zinaa iliyolala kwangu, wala haitalala!”

“Na bonde lilipomwita mwenye dhambi, wewe ukijua?”

“Nililiacha liseme. Mtu anajidai vile akiwa mpishi, angekuwaje tukimwita Bibi?”

*

Pringle alikuwa ameshasimama. “Mheshimiwa, huu ni utani! Hapakuwa na kasisi! Hapakuwa na cheti! Watu wawili waliongopa ili wapate kitanda!”

“Kasisi wa nini?” Torquil alipaza sauti.

Na hapa, wasomaji, kijana yule alikuwa katika siku bora ya maisha yake. Natamani ningeweza kuisimulia kwa furaha.

“Sheria yetu ya Scotland inajulikana! Mwanamume na mwanamke wazima wakitamka mbele ya watu kwamba ni mke na mume, basi wamekuwa mke na mume, hapo hapo waliposimama! Tumeirithi sheria hii kwa mababu waliokaa mbali na makasisi na karibu na wasichana. Na mtoto aliyetangulia kuzaliwa, ndoa ya wazazi wake inamsafisha kana kwamba hajawahi kuchafuka!”

Watu walishangilia. Grizel hakushangilia. Aliduwaa, kisha rangi ikamtoka usoni, akanyoosha mkono akavuta pindo la joho la Torquil.

“Torquil, nyamaza.”

“Namalizia, mpenzi.”

“Nakuomba. Usimalize.”

Torquil alidhani Grizel analia kwa furaha. Akampapasa mkono bila kumtazama, akaendelea kwa nguvu mpya.

“Wakili mwenzangu anasema walitaka kitanda. Nani anaoa bila sababu, Mheshimiwa? Huyu anataka moto, yule anataka paa, mwingine amechoka kula peke yake! Sheria haiulizi ulikuwa unataka nini. Inauliza ulisema nini, na nani alikusikia!”

Kapteni Ranulf alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze. Aliinyoosha sketi yake magotini, akakunja mikono kama mtu aliyefika ukumbi wa muziki na kukuta wanapiga wimbo wake.

Pringle akataka kupinga. Kapteni akamshika mkono, akamkalisha.

Jaji Moncur alimgeukia Effie, sikio lake zima likiwa mbele. “Mama, usiku ule, uliposema ni mume wako, ulimaanisha? Ama ulitaka kitanda tu?”

Kila mtu alijua kwamba mwanamke huyu hadanganyi. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kupumua.

“Nilitaka kitanda,” alisema Effie.

Pringle akafumba macho, anashukuru.

“Lakini Hector alikuwa amevua koti lake amemfunika mtoto. Amebaki na shati, meno yanagongana. Na alipoulizwa, akasema huyu ni mke wangu, hakumtazama Bi Geddes na taa yake. Alinitazama mimi.” Sauti ya Effie ilipungua. “Nikasema ni mume wangu. Na nilimaanisha. Ila usiku ule tu. Asubuhi nilimwambia, yale ya jana nimeyafuta.”

“Hukuweza kuyafuta, mama.”

“Kwani maneno ya nani? Si yangu?”

“Ndoa si uji wa jana, ukawamwagia kuku. Tangu usiku ule wewe ni mke wa Lodi wa Kinlorran.”

Effie aliketi taratibu. Aliitazama mikono yake mapajani, mikono mikubwa yenye makovu ya sufuria.

“Kila Mwaka Mpya,” alisema, “alikuwa anapiga goti kuniomba kitu ambacho alikuwa nacho tayari.”

“Inaonekana hivyo.”

“Mjinga yule,” alisema Effie. “Mjinga mimi.” Akajifunika uso kwa aproni, akalia mbele yetu sote. Hakuna aliyewahi kumwona analia, hata makaburini, na wale tuliocheka mwanzo tulitafuta leso.

Bi Geddes peke yake alibaki amekaa wima. Kisha, bila kumtazama mtu, alihama kiti, akaenda kukaa karibu na Effie. Kwa mwanamke yule, hiyo ni sawa na kubusu miguu.

*

“Mahakama hii,” alisema Jaji Moncur, “inaona kwamba Hector Stroyan na Effie Gollan walikuwa mke na mume kwa maneno yao wenyewe, na hivyo Grizel ni mtoto halali, na ndiye Bibi wa Kinlorran.”

Kofia zilirushwa juu. Mhunzi alimkumbatia karani wa mahakama. Nje mtu alianza kupuliza zumari la mfuko, vibaya kama kawaida, na kwa mara ya kwanza hakutukanwa.

Torquil aligeuka na mikono wazi, machozi yanamlengalenga. “Bibi wa Kinlorran,” alisema. “Juni ni mbali sana. Tuharakishe.”

Grizel hakuingia mikononi mwake. Alikuwa mweupe kama unga.

“Mheshimiwa.” Kapteni Ranulf alikuwa amesimama. Wala hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa. “Naomba niwe wa kwanza kumpongeza Bibi wa Kinlorran. Nadhani ni haki ya mumewe.”

Zumari likakatika katikati.

“Mume wa nani?” alisema Torquil.

“Saa ya supu, pale ukutani. Mimi nimesema huyu ni mke wangu. Yeye akasema huyu ni mume wangu. Wakili Pringle amesikia.”

“Nimesikia,” alisema Pringle, na kwa siku nzima hilo ndilo jambo la kwanza alilolisema kwa uhakika.

“Na Bi Geddes.”

Macho yote yakamwendea. Bi Geddes alimtazama Kapteni, akamtazama Grizel, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani asingekuwa na masikio.

“Nilikuwa natafuna,” alisema. “Lakini nilisikia. Ndivyo alivyosema.”

“Umemtega mtoto wangu!” Effie alikuwa ameshainuka, aproni mkononi. “Shetani we, unayevaa sketi ya watu!”

“Mama mkwe, tafadhali. Jiko ni lako, nimeapa.” Kapteni aliinama kidogo. “Bi Geddes alinisimulia habari ya kitanda Jumapili, tukila uji. Nikaona kesi hii yaweza kunigeuka. Nami kwenye mbio za farasi huweka dau kwa farasi wawili.”

“Hakumaanisha!” Torquil aligeuka kwa Jaji. “Mheshimiwa, alikuwa analia! Alitaka tu mama yake asikose—”

Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe, yale aliyoyapigia kelele muda si mrefu uliopita.

“Asikose paa,” Pringle alimmalizia kwa adabu. “Sheria haiulizi ulikuwa unataka nini. Umesema vizuri sana, Bwana Rae, nimeyaandika. Maneno hayo yakimtosha mama, yanamtosha binti. Na yasipomtosha binti, basi hayakumtosha mama, naye Grizel si Bibi wa kitu chochote, na nyumba ni ya Kapteni vile vile. Sisi, popote utakapoegemea, tumeridhika.”

Jaji Moncur alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejuta kumaliza supu.

“Bwana Rae,” alisema, “wewe ni wakili wa Bibi huyu. Mahakama inakuuliza. Maneno yaliyosemwa pale ukutani ni ndoa, ama si ndoa?”

Effie alikuwa amemshika Bi Geddes mkono bila kujua, na Bi Geddes hakuutoa.

Torquil alimgeukia Grizel. Msichana alikuwa bado ameshika pindo la joho lake, lile lile alilolivuta katikati ya hotuba.

“Nilikuomba usimalize,” alisema Grizel.

“Bwana Rae,” alisema Jaji, “nangoja.”